Sahihi Kutoka Mererani

Kijiwe chenyewe ni taruma moja la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, kando ya barabara ya Kondoa, mkabala na lango la hospitali. Aliyelileta hajulikani, na wenye reli hawajaja kuliulizia. Kila asubuhi hukaa hapo wanaume watatu ambao nchi ikiwauliza lolote wana jibu kabla swali halijafika mwisho. Wa kwanza ni Yoramu, Mgogo wa Mkonze, tarishi wa serikali miaka ishirini mpaka walipompunguza kazini. Kwa kuwa alibeba mafaili kwapani muda wote huo, anaamini sheria zilimwingia kwa njia ya jasho, ndiyo maana wenzake humwita Mheshimiwa. Wa pili ni Halfani wa Kondoa, muuza mitumba mwenye tumbo lililofungwa mkanda kama bidhaa yake, jina lake Robota. Wa tatu ni Fredy, karani kijana wa ofisi ya maji, anayehudhuria semina nyingi kuliko siku za kazi, naye huitwa Semina. Birika ni la Bi Loisi, mjane mwenye darasa la nne na ulimi uliokwenda mbele zaidi. Huwamiminia kahawa na kuwasikiliza, na mara nyingi hujutia vyote viwili.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa saba, mwaka wa tisini na saba, upepo ulikuwa unakimbiza vumbi na mifuko ya rambo, na Bi Loisi alikuwa anamimina kahawa bila kuangalia vikombe. Macho yake yalikuwa upande wa Kondoa, linakotokea basi la Arusha. Basi lile hulala Kondoa kwa ubovu wa njia, likaingia Dodoma saa nne, au saa sita, au likighairi haliingii kabisa. Ndani yake, Mungu akijalia na kondakta akiwa mkweli, ilikuwemo karatasi.

Karatasi ilikuwa ya mjukuu wake, Brightness, aliyelala ng'ambo ya barabara, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Binti alikwenda Hombolo mwezi wa tatu kufanya kibarua cha kukata zabibu, akarudi na mimba, na kijana mwenye mimba yake akahama bila kuaga. Hilo peke yake si jipya duniani. Baya lilikuwa moyo wa binti, mbovu tangu utotoni, moyo wa kupumzika mara mbili kati ya kisima na mlango. Daktari Gaudence hakuzungusha maneno. Alisema moyo huu hautaibeba mimba hii mpaka mwisho, na wakiiacha itaondoka na mtu. Sheria inaruhusu kuitoa ili kumwokoa mama, na daktari mwenzake amekubali. Ila mgonjwa ana miaka kumi na mitano, cheti chake cha darasa la saba kimeandika hivyo, na hospitali ina amri yake: mzazi atie sahihi. Bibi si mzazi. Mama yake, Anna, mtoto wa Bi Loisi, amekwisha kufa. Baba yake, Luka, yuko Mererani anachimba mawe ya bluu tangu mtoto anaanza shule. Basi karatasi ikapanda basi Jumatatu, mkononi mwa kondakta, kumfuata Luka. Leo ni Ijumaa, na daktari amesema hana wiki nyingine ya kungoja.

Wale watatu walijua tu kwamba mjukuu "ana homa." Bi Loisi hakuwaambia zaidi, maana neno likifika kijiweni asubuhi, mchana liko Kizota linauliza njia. Na lilikuwepo neno jingine alilomficha hata daktari.

— Mmeliona tangazo? alianza Mheshimiwa, akinyoosha kikombe kuelekea lango la hospitali, ambako karatasi nyeupe ilikuwa inapigapiga na upepo. Msichana wa chini ya miaka kumi na minane hahudumiwi mambo ya mimba bila sahihi ya mzazi. Nimelisoma mara mbili. Hiyo sasa ni sheria.

— Sheria ya wapi? aliuliza Semina.

— Imepigwa chapa. Kitu kikipigwa chapa ni sheria.

— Hata lile la "Usikojoe Hapa"?

— Hiyo ni sheria ndogo.

Robota alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini. Alijifuta kwa kola ya koti la baridi alilotoa kwenye mzigo wake, koti la nchi yenye theluji, akalivaa Dodoma kwa ajili ya upepo.

— Mimi naliunga mkono tangazo, alisema. Mtu akimchukua mbuzi wangu bila kuniuliza nampeleka kwa mtendaji. Seuze mwanangu.

— Mwanao si mbuzi, alisema Bi Loisi.

— Najua si mbuzi, mama. Mbuzi ananisikiliza.

— Mheshimiwa, hebu tueleze wewe uliyebeba mafaili. Amri hii imetoka wapi?

Bi Loisi aliuliza hivyo kama mtu anayepitisha muda. Kwa kweli alikuwa anawachimba. Wanaume hawa ni wajinga kwa zamu, na siku nyingine zamu humruka mmoja, akasema jambo la maana.

Mheshimiwa alijiweka sawa juu ya taruma.

— Siku hizi Bunge la bajeti liko hapa mjini. Dereva wa mkubwa mmoja, jina simtaji, ameniambia jambo hili limetoka kwa wahisani. Wamesema mkopo hautoki mpaka kila binti awe na sahihi. Nchi imeshapewa masharti. Ndiyo wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Kwa hiyo jambo lazima lipite leo leo.

— Huo msemo umeuvaa nje ndani, alisema Semina.

— Wewe vaa wako.

— Mimi nimetoka semina Morogoro wiki iliyopita. Tena hoteli ya maji ya moto. Wahisani haohao walisema kinyume kabisa. Walisema zipo nchi ambazo binti akiogopa kumwambia baba yake anakwenda kwa jaji. Jaji anamsikiliza faragha, anamwandikia ruhusa.

— Jaji? Robota alishtuka. Jaji mwenye wigi?

— Ndiyo.

— Mtoto anayeogopa baba mwenye kanzu, aende kwa mwanamume mwenye nywele za farasi kichwani, amweleze habari za tumbo lake. Hao wenzetu wana mizaha.

— Inategemea baba, alisema Semina. Kwenye semina walieleza. Binti akilazimishwa kumwambia baba na hawezi, haendi hospitali kabisa. Anakwenda kwa wale wa vichochoroni, ananywa asichokijua. Halafu baba anaitwa kutia sahihi ya kuchukua maiti.

Bi Loisi aliwakumbuka wasichana wawili wa mtaani kwake, mmoja wa mwaka juzi na mmoja wa mwaka ule wa njaa. Wote wawili baba zao walilia sana makaburini. Aliongeza mkaa mmoja, akaupuliza.

— Sikilizeni, alisema Robota, na safari hii hakucheka. Mimi nina binti Kondoa, ana kumi na sita. Tuseme amepatwa. Tuseme amelazwa, wakamfanyia jambo mwilini, halafu Mungu akamchukua. Mimi niko hapa nauza makoti, naletewa habari kwamba mwanao amezikwa. Alikuwa na nini? Siri ya mgonjwa. Mtanitazama vipi? Mimi nataka kujua. Si kwa ubabe. Ni kwa sababu nikifumba macho usiku namwona bado anatambaa.

Bi Loisi hakuyapenda maneno hayo, kwa kuwa yalikuwa ya kweli.

— Na ukijua utafanya nini? alimuuliza.

— Nitakwenda.

— Ukifika?

— Nitamuuliza ni nani aliyemharibia.

— Kabla ya kuuliza.

Robota alitazama kikombe chake.

— Nitampiga kidogo.

— Basi ndiyo sababu hutaambiwa. Lete kikombe.

Alimmiminia bila kumdai, na kwa Bi Loisi hiyo ni huruma kubwa.

Mheshimiwa hakupenda mjadala unapokuwa na machozi. Akaurudisha kwenye vifungu.

— Tatizo la tangazo lile ni moja. Limesema mzazi. Halikusema mzazi ni nani. Kwetu Wagogo jambo hili liko wazi tangu zamani. Mzazi ni aliyetoa ng'ombe. Umezaa na binti wa watu hujapeleka ng'ombe, mtoto ni wa kwao binti. Wewe umepita tu. Ng'ombe ndiyo sahihi. Asiyetoa ng'ombe hana pa kuweka dole.

Tone la kahawa liliangukia mkaa, likalia. Luka hakutoa hata mkia. Alisema atatoa akipata jiwe la kwanza. Mawe aliyapata, alipoyapeleka hakuna ajuaye.

— Kwa hiyo kwa mtoto wa namna hiyo, alisema polepole, anatia sahihi nani?

— Wa kwao mama. Babu mzaa mama.

— Amekufa.

— Mjomba.

— Hana mjomba. Ana bibi tu.

— Bibi hawezi. Bibi hatoi ng'ombe, bibi huletewa.

— Bibi aliyemlea, akamwogesha, akambeba mgongoni mpaka hospitali mara kumi na moja. Huyo hana dole gumba?

— Analo, mama Anna, lakini ni la kukandia unga. Sisemi mimi, inasema mila.

— Mila inasema sana ikiwa imekaa juu ya taruma inakunywa kahawa yangu.

Semina aliona hatari, akaingilia kati.

— Jamani, daktari pale si Mgogo. Daktari Gaudence ni Mhaya. Atajuaje nani katoa ng'ombe?

— Basi kila hospitali iwe na Mgogo wa kuthibitisha, alisema Mheshimiwa.

— Na wagonjwa Wanyaturu?

— Mnyaturu wa kuthibitisha.

— Hospitali haina hata pamba, itakuwa na makabila yote?

Robota alipiga paja. Huzuni yake ilikuwa imeshapita, au ameirudisha kwenye robota.

— Dawa ninayo. Serikali iweke mzazi wa zamu. Kila wodi mzazi mmoja, anavaa koti jeupe, anakaa mlangoni. Binti akija hana mtu, mzazi wa zamu anaulizwa, anatia sahihi, anamgombeza kidogo kama mzazi, anaendelea na kazi.

— Atalipwa na nani? aliuliza Semina. Serikali inapunguza watu, shahidi huyu hapa.

— Basi abinafsishwe, alisema Mheshimiwa, na macho yakamng'aa. Viwanda vimebinafsishwa, mashamba yamebinafsishwa. Wazazi wanabaki mikononi mwa nani? Waitwe wawekezaji. Mwekezaji mmoja anaweza kuwa mzazi wa wilaya nzima. Anakuwa na mhuri. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, maana yake ulimwengu nao uruhusiwe kutia sahihi.

— Mheshimiwa, ulipunguzwa kazini au ulifukuzwa? aliuliza Bi Loisi.

— Nilipunguzwa. Karatasi ninayo.

Semina alikuwa ameanza kucheka, lakini vijana wa semina hawawezi kucheka bila kuongeza hoja.

— Hata hiyo kumi na minane yenyewe ni utata. Nani hapa ana cheti cha kuzaliwa?

Mheshimiwa alizaliwa mwaka wa nzige. Robota alizaliwa siku ya gulio.

— Mnaona? Sisi wote tuliandikishwa shule kwa mkono. Unapitishwa mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili una miaka saba, unapokelewa. Usipogusa unarudi nyumbani kuchunga. Sasa hospitali inatafuta kumi na minane kutoka kwenye sikio.

— Sikio halidanganyi, alisema Mheshimiwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hapo Bi Loisi aliinama kufuta vikombe ambavyo vilikuwa vimeshafutwa, kwa maana lile neno jingine lilikuwa hapo hapo penye sikio. Brightness alizaliwa wanaume wakiwa wanarudi kutoka vita vya Kagera. Alimpokea yeye mwenyewe, kwenye ngozi, Anna akiwa anauma kitambaa. Wenzake walipofikia umri wa shule, yeye alibaki nyumbani. Bi Loisi aliwaambia watu ni ugonjwa. Ni kweli ulikuwepo ugonjwa, lakini pia palikuwa na birika, na vikombe vya kuoshwa, na bibi mjane asiye na mkono wa kumsaidia. Mtoto alipotimiza miaka kumi ndipo alipompeleka. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kusema kwamba aliyepita miaka tisa hapokei. Bi Loisi akasema saba. Mwalimu akaupitisha mkono wa mtoto juu ya kichwa. Kwa udogo aliokuwa nao, udogo wa moyo mbovu, vidole vilifika kwenye sikio kwa shida, vikaligusa kwa kucha tu. Mwalimu akaandika saba. Mtoto alimtazama bibi yake, akanyamaza. Alikuwa na tabia hiyo, ya kunyamaza.

Kwa hiyo binti aliyelala ng'ambo ya barabara, akingoja dole la mwanamume wa Mererani, alikuwa ametimiza miaka kumi na minane kipupwe hikihiki. Bi Loisi alijua. Siku tano alijua. Kila alipotaka kumwambia daktari aliona uso wa mwalimu mkuu, akaona polisi, akaona vile vikombe, akasema acha, karatasi itarudi.

— Basi hilo, alisema Semina.

Honi ilitangulia vumbi. Basi la Arusha lilisimama mbele ya kijiwe, likapumua. Kondakta alipiga ubavu wake kwa kiganja, akamwonyesha Bi Loisi kwa kidevu, halafu akamsaidia mwanamke mmoja kushuka na mfuko. Hakushuka mtu mwingine. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushee, shuka la Kimbulu mabegani, vumbi mpaka kwenye kope.

— Shikamoo mama. Ndiwe bibi yake Brightness?

— Marahaba. Ni mimi.

— Naitwa Raheli. Nakaa na Luka, kule Mererani. Nimeleta karatasi.

Alifungua fundo la kitenge chake, akaitoa. Ilikuwa imekunjwa mara nane na kulowa jasho. Wanaume watatu wakainuka pamoja, kisha, kwa kuwa wamezoea kukaa, wakakaa tena.

— Karatasi ya nini? aliuliza Mheshimiwa.

Bi Loisi aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na mahali pa kujificha nyuma ya birika.

— Ya hospitali. Ya tangazo lile lile. Huyo binti mnayemtafutia jaji na ng'ombe na mzazi wa zamu ni mjukuu wangu. Mimba itamuua kwa moyo wake, daktari anataka kuitoa, anangoja sahihi ya baba. Haya. Sasa mnajua. Nendeni nayo Kizota.

Hakuna aliyekwenda popote. Robota alivua lile koti, akalikunja magotini, kama mtu aliyeingia msibani.

— Mama Anna, alisema Mheshimiwa, mimi yale ya unga…

— Yaache. Fredy, wewe unasoma bila miwani. Imetiwa sahihi?

Semina aliifungua taratibu.

— Jina la mgonjwa, lipo. Umri, kumi na mitano. Mzazi, Luka. Hapa kuna dole gumba. Lakini si wino, Bibi. Kama mafuta.

— Ni oili ya jenereta, alisema Raheli. Tulikosa wino. Alikuwa ametoka shimoni kula. Kondakta akampa karatasi, akamwambia ni ya mtoto wake, weka dole hapa. Akachovya, akagandamiza, akaniambia mrudishie huyo. Akala, akarudi shimoni. Hakuuliza mtoto yupi, wala anaumwa nini. Mimi najua kusoma, mama. Nikaisoma alipokwisha kwenda. Nikaona karatasi ya namna hii haitumwi kwa kondakta. Nikapanda.

— Ana watoto na wewe? aliuliza Bi Loisi.

— Mmoja. Wa kike.

— Ng'ombe?

— Hajatoa.

Bi Loisi aliguna. Akavuta ndoo iliyopinduliwa, akamkalisha, akampa kahawa na kashata mbili.

— Hata hivyo, alisema Mheshimiwa akiisogeza shingo yake juu ya bega la Semina, dole ni dole. Sharti limetimia. Mzazi ametajwa, mzazi amegandamiza. Sheria haisemi lazima aulize.

— Iko kamili, alikubali Semina. Kila mstari umejazwa.

— Alhamdulillahi, alisema Robota. Basi mama vuka barabara, wakafanye kazi yao.

Wote wakapumua, na pumzi ile ilikuwa ya watu wema. Bi Loisi alianza kufunga kanga yake. Ndipo Raheli, akiwa bado na kashata mdomoni, akauliza kama mgeni anavyouliza njia:

— Na mwenyewe anasemaje?

— Nani? aliuliza Semina.

— Binti. Brightness. Amesemaje?

Mheshimiwa alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu taruma lile liwekwe, akakifunga bila methali. Robota alimtazama Semina, na Semina, kwa mazoea yake ya ukarani, akaitazama karatasi. Aliipitia tangu juu. Akaigeuza nyuma, kulikuwa kweupe. Akaigeuza tena mbele.

— Usitafute humo, alisema Bi Loisi.

Alikaa. Siku tano alikuwa amempelekea uji, amemsuka, amemgeuza ubavu, amegombana na wauguzi kwa ajili ya shuka. Amemwambia kula. Amemwambia lala. Jumanne, wakati anamfuta miguu, binti alisema, "Bibi, mimi…" naye akamjibu, "Nyamaza, upumue." Binti akanyamaza. Jumatano aligeukia dirishani. Bi Loisi alidhani anaangalia barabara, kama basi limekuja.

Labda anaitaka itoke. Labda anaogopa kisu kuliko moyo. Labda anataka kumwona mtoto hata kama ni kwa siku moja, wapo wanawake wa hivyo, wapumbavu au sivyo. Bi Loisi aliyepokea watoto thelathini na wawili kwa mikono yake hakujua, na aliona aibu ya mtu aliyekutwa hana chumvi nyumbani.

— Ni mtoto, mama, alisema Robota kwa sauti ya chini. Miaka kumi na mitano. Atajuaje?

— Hana kumi na mitano.

— Karatasi…

— Karatasi nimeisemesha mimi. Nilimchelewesha shule anioshee vikombe, hivi mnavyonywea. Nikampunguzia miaka mitatu wampokee. Huyo binti ana kumi na minane. Ametimiza.

Semina aliishusha karatasi magotini, na ile alama ya oili ilikuwa inapitisha mwanga, unaona barabara upande wa pili.

— Hilo ni kosa, mama Anna, alisema Mheshimiwa, lakini alilisema kwa upole. Kudanganya serikali.

— Nipelekeni. Ila mjue mtakunywa maji.

— Sasa kama ana kumi na minane, Robota alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya koti, dole la huyu Luka halikuhitajika. Toka Jumatatu.

— Halikuhitajika.

— Basi lililokuwa linangojewa ni la nani?

Swali la Raheli lilikuwa limerudi kwa mlango mwingine. Semina alikunja karatasi kwa mikunjo ileile ya zamani, akampa Bi Loisi kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudishia mkubwa kitu chake.

Bi Loisi alisimama. Alifunika mkaa kwa majivu. Alitikisa birika, lilikuwa na vikombe viwili, pengine vitatu, akaliweka juu ya taruma kati yao.

— Bibi, tukuuzie iliyobaki? aliuliza Semina.

— Kunyweni. Mkimaliza osheni wenyewe. Mtajifunza.

Akamwambia Raheli abebe mfuko wake, waende. Walivuka barabara bega kwa bega, mwanamke mmoja wa Luka na mama wa mwanamke mwingine wa Luka, wakapita chini ya lile tangazo. Dirishani kwa mapokezi alikaa Edina, karani mnene mwenye haraka. Alinyoosha mkono kabla ya salamu.

— Mama, daktari ameuliza mara mbili. Sahihi imekuja?

— Shikamoo huijui siku hizi?

— Shikamoo mama. Sahihi imekuja?

— Marahaba. Imekuja, alisema Bi Loisi, akaiingiza karatasi ndani ya fundo la kanga, akakaza. Mwambie daktari akae kitako kwanza. Nina neno la umri wa kumwambia, na kabla ya hilo, yuko mwenyewe kitandani ambaye sijamuuliza.